Mama ana miaka 74 na moyo umechoka: mishipa izibuliwe?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 74, tunaishi Mbagala. Ana kisukari na presha. Kipimo cha eko (ultrasound ya moyo) kimeonyesha EF 32%, na picha ya mishipa imeonyesha mishipa mitatu ya moyo imeziba. Hajapata mshtuko wa moyo. Wajomba wanasema kwa umri huo asiguswe. Ni kweli?

Jibu: Marahaba mwanangu. Umri peke yake haumzuii. Familia nyingi zinakuja kwangu zikibishana juu ya miaka ya mzee, na hiyo EF imekunjwa ndani ya bahasha, hakuna aliyeiuliza.

EF ni kiasi cha damu ambacho chemba ya kushoto ya moyo inakitoa kwa kila pigo. Moyo wenye afya hautoi yote, hutoa kama 55 hadi 70 katika kila 100. Wa mama unatoa 32. Mtu wa miaka 50 mwenye EF 20 namhofia kuliko mzee wa miaka 78 mwenye EF 60, akienda kupasuliwa.

Uzee nao una yake: mishipa inakuwa migumu kwa chokaa, damu inavuja kirahisi, na figo zinaumizwa na dawa ya kupigia picha. Kwa mwenye kisukari, hapo kwenye figo ndipo naangalia sana.

Angekuwa na mshtuko wa moyo sasa hivi, ningesema azibuliwe haraka, uzee baadaye. Kwa aliyetulia ni tofauti. Utafiti wa Uingereza uliotolewa 2022 ulichukua watu 700 wenye EF isiyozidi 35%, wastani wa umri ukiwa kama miaka 70. Waliowekewa stenti (kijibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa wazi) pamoja na dawa hawakupungukiwa vifo wala kulazwa kwa moyo kushindwa kusukuma damu, ukilinganisha na waliotumia dawa tu. Upasuaji wa kufungua kifua na kupandikiza mishipa ulifanya vizuri zaidi: katika utafiti mwingine wa watu 1,212 wenye EF kama hiyo, baada ya takriban miaka 10 walifariki 59 kwa kila 100 waliopasuliwa, na 66 kwa waliobaki na dawa. Ila hatari ya siku 30 za mwanzo ni kubwa kwa aliyepasuliwa, na faida iliwaendea zaidi wenye umri mdogo.

Kwa hiyo mimi ningeanza kumtazama mama mwenyewe. Anainuka kwenye kiti bila kushika mikono ya kiti? Anapanda daladala bila kubebwa? Kamba za ndala zinaacha alama miguuni jioni kwa kuvimba? Hayo yananiambia mengi kuliko tarehe ya kuzaliwa.

Nendeni na wajomba kliniki, muombe kesi yake ijadiliwe na daktari wa moyo pamoja na daktari wa upasuaji. Ulizeni kama msuli wa moyo uko hai au umekuwa kovu, na kreatinini (kipimo cha damu cha figo) ni ngapi. Muhimu zaidi, ulizeni kama anapewa dozi kamili ya dawa za moyo kushindwa, maana kwa dawa hizo pekee nimeona EF ikipanda. Msizikatishe akijisikia nafuu.

Kifua kikimbana, jasho baridi likimtoka au pumzi ikimkatika ghafla, msingoje asubuhi. Mwenye kisukari anaweza kupata mshtuko wa moyo bila maumivu yoyote ya kifua.