Kwa mtumishi anayekuja kuhudumu kijijini Wales

Ndugu mtumishi, viza imetoka, kanisa limekuombea, na wazee wamekupa baraka. Kabla hujafunga sanduku, pokea haya kutoka kwa mtu aliyetangulia huku Ceredigion, magharibi mwa Wales.

Ile hotuba ya "Wazungu wamemsahau Mungu, sasa sisi tunawarudishia Injili" iache uwanja wa ndege. Nyumbani inapigiwa makofi, lakini huku itakufungia milango kabla hujajua nani anakaa wapi. Hawa watu walikuwa na Biblia nzima kwa Kiwelisi tangu 1588, iliyotafsiriwa na William Morgan, kasisi wa parokia ya milimani. Mwaka 1800 binti wa miaka 15, Mary Jones, alitembea kama kilomita 40 mpaka mji wa Bala ili anunue Biblia yake mwenyewe. Wamisionari David Jones na Thomas Bevan walitoka Neuaddlwyd, hapa hapa Ceredigion, wakafika Madagaska mwaka 1818, na ndani ya miezi michache homa ilikuwa imewaua wote katika familia zile mbili, akabaki Jones peke yake. Kwa hiyo unapopanda mimbarani, kumbuka unawahubiria wajukuu wa watu waliotuma wamisionari.

Ni kweli makanisa ni matupu. Katika sensa ya 2021, asilimia 46.5 ya watu wa Wales walisema hawana dini. Utakabidhiwa makanisa kadhaa kwa mpigo, na katika jengo la kuketisha mamia utakuta wazee wachache, kila mmoja kwenye benchi la ukoo wake, mbali na mwenzake. Usiwaombe wasogee mbele. Na usithubutu kutamka habari ya kuuza jengo au kung'oa mabenchi katika miaka yako ya mwanzo. Yule bwana ambaye hajaonekana ibadani tangu siku ya harusi yake ndiye atakayekuwa wa kwanza kukupinga, kwa sababu mama yake amezikwa pale nje. Tena wana kumbukumbu chungu na wageni wenye mipango: mwaka 1965 kijiji cha Capel Celyn kilizamishwa pamoja na kanisa lake ili jiji la Liverpool lipate maji.

Usiwahutubie sana juu ya uamsho wa kiroho wa Wales wa 1904 pia. Wanaujua kuliko wewe, na wamechoka kuambiwa walivyokuwa zamani.

Jifunze Kiwelisi. Utashawishika kukiacha, maana kila mtu anajua Kiingereza na watakugeuzia Kiingereza kwa adabu tu. Endelea hivyo hivyo. Kuna madarasa ya bei nafuu ya watu wazima karibu kila wilaya, na watoto wa shule watakusahihisha bure. Anza kwa kukariri Sala ya Bwana na Zaburi ya 23. Wapo wazee waliofanya kazi na kulipa kodi kwa Kiingereza maisha yao yote, lakini hawajawahi kuomba kwa Kiingereza hata siku moja. Ukikaa kando ya kitanda cha mama aliyeanza kupoteza kumbukumbu, asiyemtambua hata mwanawe, ukianza Zaburi ile kwa lafudhi yako mbovu, yeye ndiye ataimalizia. Wazee waambie "chi", yaani "wewe" ya heshima, si "ti" ya kirafiki. Wewe uliyelelewa na shikamoo hilo halitakusumbua.

Sasa habari njema: kama uliwahi kuimba kwaya ya kanisa nyumbani, ukasimamishwa na mwalimu usome nota za solfa mpaka koo likakauka, umeshapata mlango. Wawelisi walijifunza kuimba kwa solfa hiyo hiyo katika karne ya 19, na vitabu vyao vya zamani vya tenzi vina herufi zile zile za do, re, mi unazozijua. Kwenye mkutano wao wa kuimba, cymanfa ganu, watu hukaa kwa sauti nne na kiongozi hurudiarudia ubeti mpaka aridhike. Usikae na wageni kule nyuma. Omba kitabu chenye solfa, nenda kakae na mabesi. Mzee aliye pembeni yako atakuchungulia kidole kinavyofuata mistari, na mkifika kwenye chai atakuuliza ulijifunzia wapi. Maswali ya namna hiyo huku hayapatikani kwa mwaka mzima wa kugonga milango na vipeperushi.

Panga kazi kwa kalenda ya mifugo. Machi na Aprili kondoo wanazaa, na ukiitisha semina ya uinjilisti wakati huo utahubiria viti. Nunua buti za mpira, uende zizini usiku, uwe na faida. Mimi nimefundishwa kuchovya kitovu cha mwanakondoo kwenye ayodini na kumshika mama yake atulie. Wakulima wa huku hawasemi ya moyoni mkikaa mkitazamana, ila mikono ikiwa kazini wanasema.

Jua pia siku za kupima kifua kikuu cha ng'ombe. Daktari wa mifugo huchoma sindano shingoni, kisha hurudi baada ya siku tatu kusoma uvimbe. Ng'ombe akionekana ameambukizwa, anauawa. Nenda katika zile siku tatu. Usihubiri, kunywa chai. Weka kwenye simu namba ya Tir Dewi, huduma ya kuwasaidia wakulima iliyoanzishwa na kanisa mwaka 2015, maana kuna mizigo inayozidi ujuzi wako.

Mahubiri yako yatapimwa msibani. Siku ya maziko kijiji chote kinakuja, wengine wanasimama nje. Hubiri kifupi, mtaje marehemu pamoja na jina la shamba lake, na usiite watu mbele waokoke. Najua wapo watakaonipinga hapo. Baadaye kaa kwenye chai ya msiba mpaka vyombo vioshwe, na vioshe.

Wafadhili wa nyumbani watadai hesabu ya waliookoka kila robo mwaka. Kubalianeni kabla hujasafiri kwamba utaandika habari, si idadi, na waweke sahihi.

Mwisho, leseni ya udereva. Ya Kenya au Tanzania inakubalika miezi 12 tu tangu uanze kuishi Uingereza, kisha lazima ufanye mtihani wao. Jiandikishe mapema, kwa sababu makanisa yako hayatakuwa njia moja, na Jumapili basi haliji.