Maswali ya Wasomaji: Takhmisi kwa Malenga Unayempenda

SWALI: Salaam wahariri. Kuna mshairi ambaye beti zake nimezihifadhi tangu nikiwa shule ya msingi. Nataka kumuenzi kwa shairi linalofanana na lake, lakini jamaa zangu wanasema nitaitwa mwizi. Ipo njia ya kumwiga mtu bila kumwibia? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ipo, tena ni ya siku nyingi pwani yetu. Mtungie takhmisi. Neno hilo asili yake ni khamsa ya Kiarabu, yaani tano, ile ile tunayoisikia kwenye hamsini na Alhamisi. Unachukua mishororo miwili ya mwenzako kama ilivyo, bila kugusa hata herufi, kisha unatunga mitatu yako na kuiweka juu yake. Ubeti unakuwa wa mishororo mitano: mitatu ya mgeni, yaani wewe, miwili ya mwenyeji, yaani mshairi unayemuenzi. Hivyo ndivyo Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, alivyolifanyia shairi linalonasibishwa na Fumo Liyongo, shujaa na malenga wa kale wa pwani, na kazi hiyo mpaka leo inaitwa Takhmisi ya Liyongo. Jina la aliyeenziwa limekaa kwenye anwani. Mwizi huficha mali aliyoichukua, mtunzi wa takhmisi huiweka mwishoni mwa kila ubeti ili kila mtu aione.

Sasa kazi yenyewe. Tuchukue mishororo miwili tuliyoitunga kwa ajili ya somo hili, ya mizani (silabi) 16, nane ukwapi, yaani kipande cha kwanza, na nane utao, yaani kipande cha pili:

Msafiri wa majini, hukesha akitazama,
Hofu humshika ndani, pepo zikishasimama.

Iandike chini kabisa ya ukurasa, uache nafasi ya mistari mitatu juu yake. Kina cha kati ni -ni, cha mwisho ni -ma. Kabla hujatunga chochote, orodhesha pembeni maneno kumi na mawili hivi ya kila kina. Utatumia matatu tu kwa kila upande, lakini ukiwa na matatu tu, kina ndicho kitakachokuamulia la kusema. Futa kwenye orodha maneno ambayo mwenyeji ameshayatumia mwishoni mwa vipande vyake: majini, ndani, tazama, simama. Ukiyarudia, lake linapofika linasikika kama mwangwi wa lako.

Kisha anza na mshororo wa tatu, usianze na wa kwanza. Wa tatu ndio unaoshikana mkono na wa mwenyeji, na takhmisi nyingi huharibikia hapo. Ukishauona umekaa vizuri, tunga wa kwanza, halafu wa pili. Hivi:

Tanga la mlingotini, limelegea, lagoma,
Na maji ya mtungini, hayafiki kata nzima,
Nchi kavu haioni, si mbele yake si nyuma,
Msafiri wa majini, hukesha akitazama,
Hofu humshika ndani, pepo zikishasimama.

Angalia neno "haioni" katika mshororo wa tatu. Nani haioni? Hatujaambiwa. Msomaji anabaki na swali mpaka wa nne umletee "msafiri wa majini". Mshororo wa mgeni umeachwa wazi makusudi ili wa mwenyeji uufunge. Angalia pia kwamba tanga limelegea lakini upepo haujatajwa. Tumemwachia mwenyeji neno lake.

Na huu ndio mshororo wa tatu unaoharibu:

Hakuna pepo angani, zote zimekwisha koma,

Mizani ni 16, vina viko sawa, mwalimu wa darasani angeuwekea alama ya vema. Lakini umeshasema kila kitu. Mshororo wa tano ukifika hauna kazi tena, na uliyetaka kumuenzi umemfanya mrudiaji wa maneno yako. Jipime hivi: funika mishororo miwili ya chini kwa mkono na usome mitatu yako. Kama maana imekamilika, rudi ukatunge upya. Kama unahisi kitu kinakosekana, uko njiani.

SWALI: Shairi ninalolipenda ni tarbia, kila ubeti mishororo minne, na kituo chake, yaani mshororo wa mwisho, kinarudiwa ubeti hadi ubeti. Nigawe vipi? (Mwanafunzi, Kisumu)

JIBU: Gawa kila ubeti mara mbili, wa kwanza na wa pili pamoja, wa tatu na wa nne pamoja. Beti sita za tarbia zitakupa beti kumi na mbili za takhmisi. Jozi ya pili ndiyo yenye mtego, kwa sababu kituo mara nyingi kina kina chake tofauti. Hapo mitatu yako ifuate vina vya mshororo wa juu wa ile jozi. Kituo kiache na kina chake kisikike peke yake.

Tatizo jingine ni kwamba kituo kinachorudiwa kitajitokeza kila baada ya ubeti mmoja, mara sita nzima, na mitatu yako lazima ikifikie kwa njia mpya kila mara. Ukiona njia zimekwisha kwenye mara ya nne, usilazimishe. Chukua kile kituo peke yake, tunga tarbia mpya juu ya jambo lako mwenyewe, kila ubeti ukiishia kwenye kituo hicho cha kuazima. Hiyo nayo ni heshima kamili, na kwa anayeanza tunaipendekeza kuliko takhmisi.

SWALI: Shairi nililolichagua ni la zamani, la Kiamu, lahaja ya Lamu. Mimi nazungumza Kiswahili sanifu. Nisanifishe mishororo yake ifanane na yangu? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Tunakusihi, usifanye hivyo. Chukua "mato", ambayo kwa sanifu ni macho. Mshairi ameyapanga na moto na kito. Ukiandika "macho", kina cha -to kimekufa. Mizani nayo huponyoka kimya kimya: "aloyasema" ni mizani tano, "aliyoyasema" ni sita. Neno moja "lililosahihishwa" na mshororo mzima unachechemea.

Wala usijilazimishe kuandika Kiamu usichokijua. Kiamu cha kubahatisha wenyewe wanakitambua kwenye neno la pili. Andika mitatu yako kwa Kiswahili chako, ila vina vifuate vyake. Kwa -to unazo ndoto, pato, uzito, mvuto, joto, na vinakubaliana na "mato" yake bila shida. Tofauti ya lahaja itaonekana, na iachwe ionekane.

Jambo moja zaidi kwa mashairi ya kale: kama unaweza, linganisha matoleo mawili ya shairi hilo. Hati za zamani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mara nyingi alama moja ya irabu ilisimama badala ya e na i, nyingine badala ya o na u. Wahariri wawili wanaweza kuwa wamesoma neno moja kwa namna mbili. Chagua usomaji mmoja, na ushikamane nao mpaka mwisho.

SWALI: Nikitaka kuchapisha takhmisi yangu kitabuni, nahitaji ruhusa? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Inategemea mwenyeji wako alifariki lini. Kenya na Tanzania, hakimiliki ya shairi hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert alifariki 1962, kwa hiyo miaka hiyo ilimalizika pamoja na mwaka 2012. Muyaka bin Haji, aliyefariki 1840, hana utata wowote. Lakini utangulizi na maelezo ya mhariri wa toleo la karibuni ni mali ya mhariri huyo, usiyanakili.

Kama mtunzi yu hai, au hajatimiza miaka hiyo kaburini, andika barua kwake, kwa warithi wake au kwa mchapishaji. Taja ni mishororo mingapi unayoitaka, uiambatanishe na takhmisi yako yote waisome. Ukumbuke kwamba takhmisi ya shairi zima inabeba shairi zima la mwenzako ndani yake, kwa hiyo usitegemee kisingizio cha kunukuu kidogo.

Ukifika kuchapa, mishororo ya mwenyeji iwe ya italiki na yako ya kawaida, jina lake likae kwenye anwani, na lako chini yake.