Chakula cha wiki mbili ndani ya nyumba, ushauri wangu baada ya Oktoba 29

Tangu uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 kila nikikaa na wamama wenzangu huku mtaani swali ni lile lile, mambo yakichafuka tena watoto watakula nini. Nimeona bora niandike yote sehemu moja maana mimi jambo hili naliwaza sana, nina watoto, nina mama mtu mzima ninayeishi nae, na nimeona kwa macho yangu nyumba zilivyohangaika zile siku.

Kwa ambao hamkuwepo Dar, siku ile ya uchaguzi vurugu zilipoanza tulitangaziwa marufuku ya kutoka nje kuanzia saa 12 jioni, intaneti ikazimwa, na tukakaa hivyo mpaka siku za mwanzo za Novemba. Siasa zake siziandiki hapa, na waliopoteza ndugu zao Mungu awatie nguvu, mimi naongelea jikoni tu.

Kitu ambacho wengi hawakukielewa mpaka yalipowakuta ni kwamba Dar haina akiba ya chakula majumbani. Mji mzima unakula kwa siku. Nyanya zinatoka Ilula na Morogoro, viazi Njombe na Mbeya, vitunguu Singida, mchele Kyela na Kahama, ndizi Rungwe huko na Bukoba, vyote vinaingia na malori usiku vinashushwa Ilala, Mabibo, Temeke, alafu saa kumi za usiku yule mama wa genge lako anatoka kwenda kuchukua tenga lake ili saa moja asubuhi wewe ukute fungu la nyanya na bamia. Sasa angalia, ukiweka marufuku ya usiku umefunga saa zile zile ambazo soko linafanya kazi. Chakula kipo shambani kimejaa tele ila hakifiki. Na sisi wenyewe tumezoea kununua robo ya sukari, kipimo cha mafuta, unga kilo moja, uniti za umeme za elfu mbili, kwa hiyo duka la Mangi likifunga siku mbili tu kuna nyumba tayari zinakunywa uji mtupu. Kwenye mtaa wangu genge lilipofunguliwa tena nyanya zilikuwa chache, zimechoka, na bei haishikiki, na watu walizigombania.

Nyumbani kwetu hatukulala njaa, na sababu ni mama. Yeye ni wa Kahama, alikuwa amekuja na mizigo yake kama kawaida yake, nsansa (mboga ya majani ya kunde yaliyokaushwa) mfuko mzima, michembe (viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa), karanga, na dagaa wa Mwanza. Mimi nimekulia kwenye hivyo vitu lakini hapa mjini nilikuwa nakula mara moja moja kwa hamu tu. Zile siku tulikula ugali na nsansa ya karanga, asubuhi michembe na chai, watoto wakashiba, na ndio nikaanza kumfuata mama nyuma nyuma nimuulize kila kitu vizuri.

Naanza na hesabu maana watu wanaponunua kwa hofu wananunua hovyo. Mimi nahesabu nafaka nusu kilo kwa mtu mzima kwa siku, mtoto robo. Nyumba ya watu wazima watatu na watoto watatu ni kama kilo mbili na robo kwa siku, wiki mbili ni kilo 32 hivi, unga na mchele ukichanganya. Maharage nusu kilo kwa siku, kilo 7. Mafuta lita 3, chumvi, sukari, majani ya chai. Ukiiangalia hivyo unaona sio mzigo wa kutisha, haifiki hata nusu gunia, na vikorombwezo. Na usinunue yote siku moja wiki ya kampeni za mwisho, hapo unapandisha bei na unamnyang'anya mwenzako mwenye hela kidogo. Kila ukienda dukani ongeza kilo moja juu ya unayokula, hiyo kilo iingie kwenye ndoo ya akiba, na mwenye uwezo anunue mahindi mwezi wa sita mpaka wa nane yakiwa yametoka shambani. Cha zamani kinaliwa kwanza kipya kinakaa nyuma, siku zote, hata kama nchi imetulia.

Unga wa dona mnaoupenda (hata mimi naupenda) haukai sana, kwa sababu ndani yake kuna kile kiini cha mahindi chenye mafuta, baada ya mda unachachuka unakuwa mchungu. Wa akiba weka sembe, au weka mahindi yenyewe na usage kidogo kidogo, lakini kumbuka mashine ya kusaga inataka umeme na mwenye mashine nae ana familia yake anajificha, kwa hiyo usibaki na mahindi peke yake ndani.

Mahindi na maharage yakauke kweli kweli. Kuna kipimo kizuri cha chumvi, chukua chupa ya glasi iliyokauka kabisa, weka mahindi kama robo ya chupa, weka vijiko vichache vya chumvi kavu ile laini, funga, tikisa dakika moja mbili alafu iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda ganda kwenye kuta za chupa mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Ikidondoka yote chini chupa ikabaki safi unaweza kuhifadhi. Mimi naweka kwenye mifuko ya kinga njaa, ile yenye nailoni mbili ndani na kiroba nje, unajaza, unakamua hewa, unafunga kila nailoni peke yake kwa kukaza, wadudu wakiwemo wanamaliza hewa wenyewe wanakufa na hujaweka dawa yoyote kwenye chakula cha wanao. Kosa la watu ni kuufungua kila siku kuchota, hapo hewa imerudi. Ya kuchota weka kwenye ndoo ya mfuniko wa kukaza, mfuko mkubwa uache.

Na jamani sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa kwenye nafaka, sio stori. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa kula mahindi yenye hiyo sumu. Haitoki kwa kupika, haitoki kwa kuosha, na ukisema utampa kuku au ng'ombe, kuku nao wanaumwa na kwa ng'ombe inapita mpaka kwenye maziwa. Mahindi yameota ukungu, tupa, hata kama roho inauma.

Sasa mboga, hapa ndio napenda zaidi. Ugali unaweza kuwa nao gunia zima lakini bila mboga watoto watakula siku mbili ya tatu wanausukuma. Nsansa ni majani ya kunde. Unachuma yale machanga, unachambua, unaosha maji mawili matatu mchanga uishe kabisa kwa sababu mchanga ukibaki ukikauka nao hautoki tena. Maji yachemke kweli yawe yanatokota, weka chumvi kidogo, tumbukiza majani dakika mbili tatu mpaka yabadilike rangi yawe kijani kilichokolea, toa haraka, chuja. Hiyo kuchemsha ndio inafanya yasipoteze rangi na yasiwe kama nyasi. Alafu unatandaza kwenye ungo au kwenye wavu msafi, tabaka jembamba, usirundike. Kule kwetu wanaanika juani moja kwa moja, mimi hapa naanika kivulini penye upepo, jua kali linaua vitamini A na ndio hiyo tunayoitafuta kwenye majani. Juu nafunika kitambaa cha shela nzi wasitue. Msitumie chandarua cha mbu, kile kina dawa.

Utajuaje imekauka, shika jani ulivunje kwa vidole, likatike kwa sauti. Likijikunja tu bado. Na hapa Dar hewa ina maji maji sana, ukiacha mboga iliyokauka nje usiku mmoja asubuhi imelainika, kwa hiyo ikipoa tu iingie kwenye chombo cha kukaza papo hapo, na baada ya siku chache fungua uchungulie, ukiona unyevu kwenye mfuniko irudishe nje kabla haijaota ukungu. Miezi mizuri ni ile ya kipupwe, wa sita mpaka wa tisa. Ukisubiri Novemba vuli imeanza utalia. Njia hiyo hiyo inafaa matembele na mchicha. Kisamvu nacho unaweza ila kitwangwe na kichemshwe sana kwanza, kisamvu kibichi kina sumu yake.

Kupika, loweka nsansa maji ya moto kidogo, kaanga kitunguu na nyanya, weka mboga, mwaga karanga zilizotwangwa zikiwa zimekorogwa na maji, moto mdogo iive taratibu mpaka mafuta ya karanga yapande juu. Wanangu ambao ni watoto wa mjini kabisa sasa wanaiomba wenyewe.

Nyanya zikishuka bei mimi nakata vipande vyembamba, chumvi kwa mbali, naanika mpaka ziwe ngumu kama ngozi. Embe mbichi achari, chumvi, pilipili, siki, jua siku kadhaa, inakaa mda mrefu na ugali mkavu unashuka. Ndimu zenye chumvi hivyo hivyo. Dagaa nawachekecha mchanga, natoa vichwa, nawakaangiza kwenye sufuria kavu bila mafuta, wakipoa wanaingia kopo la kukaza, na wengine nawasaga unga wa kuweka kwenye uji wa mtoto.

Kitu kimoja nawaomba sana. Kuna video za Wamarekani wanafunga nyama na maharage yaliyopikwa kwenye chupa za glasi yanakaa mwaka kabatini. Wale wanatumia sufuria maalum za presha zenye geji. Ukiiga kwa sufuria ya kawaida kuna bakteria anaota humo humo ndani pasipo na hewa, anatoa sumu inayoua, na chakula kinaweza kisinuke wala kisibadilike sura. Kwenye chupa weka vya siki na ndimu tu, vingine vyote kausha.

Moto. Gesi mtungi mmoja ukiwa nusu sio akiba, ukiweza uwe na mdogo wa pembeni umejaa, au gunia dogo la mkaa. Maharage yaloweke usiku kucha, umwage maji yale, utaokoa mkaa mwingi, na choroko na dengu zinaiva haraka zaidi kwa hiyo ziwepo. Ila zile siku watu walijifungia madirisha yote kwa ajili ya mabomu ya machozi na kelele, alafu mtu anaingiza jiko la mkaa ndani apikie humo. Usifanye hivyo kabisa. Ule moshi usioonekana unaua familia nzima imelala. Pikia kibarazani au dirisha na mlango viwe wazi, kama haiwezekani kuleni michembe na karanga siku hiyo. Na petroli msiweke ndani kwenye madumu.

Maji ya kunywa na kupika nahesabu lita 3 kwa kila mtu, watu sita ni dumu moja la lita 20 kwa siku, ya kuoga na choo mbali. Dumu zioshwe, zifunikwe, na vidonge vya klorini vipo maduka ya dawa sio bei.

Hela nayo. Mawakala wa huku kwetu walifunga, wengine hawakuwa na salio, kwa hiyo hela ya kwenye simu ikabaki ya kuangalia. Weka taslimu ndani, noti ndogo ndogo za elfu na elfu mbili, muuza mkaa hana chenji ya elfu kumi. Umeme wa Luku nunua mapema uingize kabisa kwenye mita. Redio ndogo ya betri, tochi. Dawa za presha na sukari za wazee ziwepo za mwezi mzima, mama yangu za kwake huwa zinaisha tarehe ambazo huwezi kupanga. ORS na zinki kwa watoto, pedi, na kama una mtoto wa maziwa ya kopo usibaki na kopo moja.

Desemba 9 ilipofika, sherehe za Uhuru zimefutwa na tumeambiwa tusio na dharura tubaki nyumbani, kwenye mtaa wetu tulikuwa tumeshaongea majirani wa nyumba nne. Tulijua nani ni nesi, nani ana friji na jenereta, nani ana kisima, na nyumba ipi ina mama mjamzito. Yule dada mpangaji wa chumba kimoja ambaye hana pa kuweka hata ndoo, unga wake na maharage yake vinakaa kwangu stoo vimeandikwa jina lake, yeye akipata elfu mbili analeta kilo, na ufunguo wa stoo anajua ulipo.