Barafu kwa mtoto wa mwaka na nusu

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama mjukuu wangu anaweza kuchezea barafu, na kwa nini ulipompa alilia akaitupa. Anaweza, tena inamfaa sana. Ila usimpe vipande vidogo vya trei: kimoja kinateleza hadi kooni kabla hujanyoosha mkono. Mtengenezee bonge moja kubwa.

Chukua kopo la plastiki la lita moja. La kioo liache, maana maji yakiganda huongezeka kwa karibu asilimia 9 na kioo hupasuka. Tia maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa kuwa atalamba tu, jaza nusu, gandisha. Kisha panga juu yake majani ya mchaichai, mwiko mdogo na chungwa lililokatwa duara, mbegu umetoa. Ongeza maji baridi, acha vidole viwili kufika ukingoni, rudisha kwenye friza hadi asubuhi. Ukitia vyote kwa mara moja vitaelea na kuganda juu tu, chini pabaki patupu. Usitie shanga, vifungo wala kitu chochote kinachoenea mdomoni mwake.

Sasa kuhusu kilio. Barafu ikitoka tu kwenye friza huwa na nyuzi kama 18 chini ya sifuri, na vidole vyenye unyevu hunata juu yake. Inauma kweli, mwanangu, wala si deko. Liache bonge kwenye beseni dakika kumi mpaka uso wake ung'ae maji. Aanze kugusa yale maji, usimshike mkono kumlazimisha. Mpe kikombe cha maji ya uvuguvugu amwagie mwenyewe: ataona shimo likichimbika, atasikia barafu ikipasuka, na harufu ya mchaichai itatoka. Hapo ndipo maneno yanapoingia, baridi, inateleza, imeyeyuka.

Chumvi watu huinyunyiza ili barafu iyeyuke haraka. Kwake usithubutu, chumvi huishusha baridi zaidi na inaweza kuunguza ngozi.

Fanyieni nje kivulini, vigae vikilowa atateleza. Usiondoke hata kufuata simu, maana mtoto huzama hata kwenye maji machache. Vidole vikiwa vyekundu na anavivuta, mkaushe, mmalize. Maji yamwage papo hapo, na lile chungwa lililolegea litoe kabla hajaling'ata.

Mama yako