Usipochaguliwa Kwenye Drafti: Ushauri kwa Mpokeaji Kijana na Wazazi Wake

Jumamosi ya tarehe 10 Mei 2014, drafti ya NFL, yaani zoezi ambalo timu za ligi kuu ya futiboli ya Marekani huchagua kwa zamu wachezaji wapya kutoka vyuoni, ilimalizika mjini New York baada ya siku tatu na majina 256, na langu halikuwamo. Tulikuwa sebuleni kwetu Columbus, Ohio, na mama alikuwa amepika pilau ya kuwatosha watu 30. Baba, aliyesoma Tanga wakati ambapo kuchaguliwa kwenda kidato cha kwanza kulikuwa bahati ya wachache, alinitazama akaniuliza, "Mwanangu, hawa hawana awamu ya pili?" Nilikereka kuulizwa hivyo, kumbe swali lilikuwa sahihi kuliko alivyojua mwenyewe. Awamu ya pili ipo, na siku ile ilikuwa imeshaanza kabla televisheni haijazimwa, maana simu ya wakala wangu ilianza kuita raundi ya saba ikiwa haijaisha.

Ninaandika haya kwa sababu wako vijana wetu, waliozaliwa huku au walioletwa wadogo kama mimi, wanaocheza vyuoni kama wapokeaji wa pembeni, yaani wale wanaokimbia njia zilizopangwa na kudaka mipira inayorushwa na kwotabeki, na wazazi wao hawana mtu wa kumwuliza kwa Kiswahili. Mimi mwenyewe nilidumu wiki chache tu katika ligi hiyo. Ushauri wa waliofika mbali mtaupata kwao. Wangu ni wa mtu aliyefunguliwa mlango, kisha akabanwa kidole.

Kosa langu la kwanza nililifanya katika dakika 20 za mwanzo. Timu mbili zilinitaka. Moja iliahidi dola 10,000 za kusaini, nyingine dola 4,000, na wakala alisema nijibu upesi kwa sababu nafasi zinajaa. Nikachukua dola 10,000. Sikujiuliza kwamba timu ile, wikendi hiyohiyo, ilikuwa imechagua wapokeaji wawili kwenye drafti, mmoja wao katika raundi ya pili. Timu huingia kambini na wachezaji 90, miongoni mwao wapokeaji 10 hadi 12, na mwisho hubakisha wachezaji 53, ambao kati yao wapokeaji huwa watano au sita. Ukiwaondoa wenye mikataba mikubwa na wale wawili wa drafti, nilikuwa ninagombea nafasi moja, na pengine hata hiyo moja haikuwapo. Mchezaji wa drafti akikosea huelekezwa, kwa sababu meneja aliyemchagua hataki kuonekana amekosea naye. Wewe ukikosea unakatiwa tiketi ya ndege.

Kwa hiyo, mzazi, simu ikilia Jumamosi ile, kaa na kalamu. Uliza timu ina wapokeaji wangapi wenye mikataba, imechagua wangapi wikendi hii, na kama anayepiga simu ni kocha wa wapokeaji mwenyewe au ni skauti, yaani mtafuta vipaji, aliyepewa orodha ya majina. Uliza pia, na hili ndilo watu hulisahau, kocha wa vikosi maalumu anasemaje kuhusu mwanao. Mkataba wa asiyechaguliwa ni wa miaka mitatu kwenye karatasi, lakini mshahara wake kwa kawaida hauna dhamana, kwa hiyo miaka hiyo mitatu inaweza kuisha asubuhi moja kabla ya chai.

Vikosi maalumu ni vile vinavyoingia uwanjani wakati wa mpira wa teke, na nikiambiwa niache ushauri mmoja tu kati ya yote, ningeuacha huu wa vikosi maalumu. Mpokeaji asiyechaguliwa anadhani anauza mikono yake, kwa sababu ndiyo iliyompa jina chuoni. Kambini mikono ya kudaka inayo kila mtu. Mpokeaji wa kwanza na wa pili wa timu huwa hawatumwi kwenye mateke, ila wa tano ni lazima afanye kazi hiyo, na kocha anapohesabu watu wake 53 humtafuta mtu atakayemwokolea nafasi ya mtu mwingine.

Historia ya wenzetu wasiochaguliwa inaonyesha hivyo. Wes Welker aliachwa na timu ya San Diego baada ya mchezo mmoja tu wa msimu wa 2004. Akachukuliwa na Miami, na mwezi Oktoba mwaka huo, dhidi ya New England, alirudisha mateke ya wapinzani na pia akapiga yeye mwenyewe teke la pointi moja na la pointi tatu, kwa sababu mpigaji wa timu alikuwa ameumia. New England waliona, wakamchukua mwaka 2007, na kwao akadaka mipira zaidi ya 100 kwa msimu katika misimu mitano. Adam Thielen, aliyetoka chuo cha daraja la pili huko Mankato, Minnesota, aliingia kambi fupi ya Vikings, timu ya Minnesota, mwaka 2013 kwa majaribio tu, akamaliza mwaka katika kikosi cha mazoezi, yaani wachezaji wa akiba wanaofanya mazoezi na timu bila kuwa kati ya wale 53, na mwaka 2014 aliizuia kwa mikono yake panti ya Carolina, yaani teke refu la kuupeleka mpira kwa wapinzani, akaiokota na kukimbia hadi kufunga tachidauni, yaani kuuvusha mpira mstari wa mwisho wa wapinzani. Miaka minne baadaye aliuanza msimu kwa kuvuka yadi 100 katika michezo minane mfululizo. KaVontae Turpin alipitia ligi ya majira ya kuchipua kabla Dallas hawajamsajili mwaka 2022, na kilichompa ajira ni kurudisha mateke.

Sasa nieleze nilichokifanya mimi, kwa sababu nililijua somo hilo na bado nikaanguka. Nilipewa kazi ya gana. Gana husimama peke yake pembeni kabisa timu yake inapopiga panti. Mpira unapotolewa, mtu mmoja au wawili humvamia ili wamzuie asikimbie. Naye lazima awaponyoke, akimbie yadi 40 au zaidi, kisha amfikie mdakaji akiwa bado na pumzi na akili ya kumwangusha. Kocha wetu alikuwa akiisimamisha video kila baada ya nusu sekunde na kuweka nukta nyekundu ya kalamu ya mwanga juu ya viatu vya mtu, wala si juu ya mpira. Alitaka kuona vidole vya miguu vimeelekea wapi.

Katika mchezo wa tatu wa maandalizi niliwaponyoka wote wawili, nikafika wa kwanza, kisha nikainua macho kuutafuta mpira angani. Hilo tu. Mdakaji akapita upande wa bega langu la ndani, akakimbia yadi 38. Siku tatu kabla ya hapo nilikuwa nimedaka mpira kwa mkono mmoja mazoezini, hata wapiga picha wakaja kuniuliza jina langu linaandikwaje. Asubuhi ile katika chumba cha video hakuna aliyekumbuka udakaji huo, na nukta nyekundu ilikaa juu ya kiatu changu cha kulia kwa muda ambao mpaka leo ninauona mrefu. Timu ilipopunguza wachezaji kutoka 90 hadi 75, kama utaratibu wa wakati ule ulivyotaka, kijana wa ofisini aligonga mlango wangu saa kumi na mbili asubuhi: kocha anakuita, njoo na kompyuta kibao yako. Humo ndimo kinamokaa kitabu cha mbinu, na ukiambiwa uje nayo huna haja ya kuuliza sababu.

Jambo la pili ni kuzijua nafasi zote za mpokeaji. Nafasi ya X husimama mstarini na kukabwa uso kwa uso. Ya Z hurudi nyuma kidogo na inaweza kutembezwa kabla mpira haujatolewa. Ya ndani hukimbia njia fupi katikati ya watu wazito. Mpokeaji aliyechaguliwa mapema anaweza kujifunza moja akaridhika. Wewe jifunze zote tatu, kwa sababu hujui ni nani atakayechanika msuli Jumatano, na siku hiyo kocha atamwita anayejua pa kusimama, hata kama yuko mwenye mbio kumzidi. Mimi nilizichora njia hizo kwenye kadi, na baba, ambaye hakuwahi kuuelewa mchezo huu vizuri, alikuwa akinisomea kwa simu majina ya mbinu kwa lafudhi yake ya Tanga, nami ninamjibu ninasimama wapi na ninakimbia hatua ngapi.

Msuli wa nyuma ya paja ndio adui wa wapokeaji. Ukiumia kambini, usifiche hadi uchanike kabisa, lakini pia usitie saini karatasi yoyote ya malipo ya jeraha kabla wakala wako hajaisoma. Makubaliano ya chama cha wachezaji na ligi yanampa mchezaji haki ya kuonwa na daktari mwingine kwa gharama ya timu. Vijana wengi hawaitumii haki hiyo kwa kuogopa kuonekana wakorofi.

Kuhusu fedha nitasema ukweli ambao ndugu zangu hawataupenda. Kikosi cha mazoezi, nilichokuja kuingia baada ya kuachwa, kilinilipa dola 6,300 kwa wiki, kiwango cha chini cha mwaka 2014, wakati mchezaji mpya kati ya wale 53 alilipwa angalau dola 420,000 kwa msimu. Mwaka 2025 viwango hivyo vilikuwa dola 13,000 kwa wiki na dola 840,000. Ni fedha nyingi, lakini hulipwa kwa wiki unazokuwapo tu. Mimi nilikuwapo wiki saba: dola 44,100 kabla ya kodi, nikiishi hotelini. Picha yangu nikiwa na jezi ilifika Tanga kabla ya malipo ya kwanza kufika benki, na kufikia Novemba nilikuwa nimeombwa ada za shule, bati za paa na pikipiki mbili. Mzazi, kazi ya kujibu simu hizo ichukue wewe. Mwambie shangazi kwamba mtoto ana kibarua cha wiki kwa wiki, na usione haya kulitumia neno kibarua, kwa sababu ndicho. Hata pensheni ya ligi huhitaji misimu mitatu inayotambuliwa, na msimu hautambuliwi bila michezo isiyopungua mitatu kwa malipo kamili. Wiki za kikosi cha mazoezi peke yake hazikufikishi huko.

Shahada imalizwe. Niliacha masomo matatu ili nijiandae na siku ya majaribio ya mbio, nikajiahidi kurudi baada ya miezi sita. Nilirudi baada ya miaka miwili, na sasa ninafundisha hesabu.

Hata hivyo, kijana asikate tamaa kwa sababu ya kikosi cha mazoezi. Rod Smith hakuchaguliwa mwaka 1994, akakaa mwaka mzima katika kikosi hicho huko Denver, na mpira wake wa kwanza aliodaka katika ligi, mwaka 1995, ulikuwa tachidauni ya yadi 43 iliyoshinda mchezo dhidi ya Washington muda ukiwa umekwisha. Alistaafu akiwa na yadi 11,389 na mataji mawili ya Super Bowl, fainali ya ligi. 

Ukiachwa, jina lako hukaa mezani kwa saa 24, na timu nyingine zinaweza kulidai. Langu halikudaiwa. Kinachofuata ni Jumanne. Jumanne ni siku ya mapumziko ya wachezaji, na ndiyo siku timu huita watu wa nje kuwajaribu, kwa hiyo simu huja Jumatatu mchana na ndege huondoka jioni hiyohiyo. Usiende likizo, usinenepe, wala usiache simu chumbani. Weka begi karibu na mlango lenye njumu jozi mbili, moja ya nyasi na nyingine ya uwanja bandia, glovu mpya na kitambulisho. Mimi nilipigiwa simu Jumatatu tatu. Mara mbili nilikimbia, nikadaka, nikashukuriwa, nikarudishwa uwanja wa ndege nikiwa bado na jasho. Mara ya tatu hawakunirushia hata mpira mmoja kwa dakika 15 za mwanzo. Kocha alinisimamisha pembeni, akaweka watu wawili mbele yangu, akasema nikimbie kama gana. Safari hii macho yangu yalibaki kwenye kiuno cha mdakaji.