Mapenzi ya siri yaandike ukiwa chumbani kwa dada

Wasichana wengi wanaonitumia sura za kwanza za riwaya zao kwa WhatsApp huanza na kijana. Ni mrefu, ana macho ya kungu, akipita kichochoroni huacha harufu ya udi, na msichana aliyempenda hathubutu kumtazama mara mbili. Nazisoma kwa furaha, maana natamani sana vijana wetu wa Mombasa wapate riwaya za mapenzi zenye mitaa wanayoijua na chakula wanachokila. Lakini swali langu la kwanza halimhusu kijana. Huuliza hivi: huyu msichana wako analala chumba kimoja na nani?

Naliuliza kwa sababu kumficha kijana hisia zako ni kazi rahisi. Hamuishi nyumba moja. Hajui kama leo umejipaka wanja kwa ajili ya kutumwa unga dukani tu. Dada anajua. Dada ndiye aliyekuona ukibadilisha mtandio mara mbili kabla ya kutoka, ndiye aliyesikia ukicheka peke yako gizani na simu imefichwa chini ya mto, ndiye aliyegundua kwamba siku hizi wapenda kwenda kwa khalati ambaye zamani ulikuwa ukienda ukilazimishwa. Kwa hivyo ukiandika riwaya ya vijana kuhusu mapenzi ya siri, siri yenyewe inafichwa ndani ya nyumba, na anayefichwa ni mtu anayekupenda. Joto la kitabu liko hapo. Kijana anaweza kuwa hodari kwa uzuri na adabu na kisomo, lakini kama msomaji hamwogopei dada, kurasa hazitafunguka.

Nilipoandika riwaya yangu nilianza kwa kuchora nyumba. Nakusihi nawe uichore, kwa kalamu na karatasi, kabla hujaandika sentensi hata moja. Nyumba ya mtaa wa Majengo yenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku na ua nyuma, haina siri sawa na ghorofa la Mji wa Kale ambalo dirisha lake linatazamana na dirisha la jirani. Ya Majengo, mpangaji akiingia ana haki ya kupita ukumbini, na msichana anayefua uani anaonwa na kila anayekwenda kuoga. Ya Mji wa Kale, kichochoro ni chembamba hata maneno ya chini yanafika juu. Amua: simu inachajiwa wapi? Nani anamsikia nani akiamka kwa swala ya alfajiri? Ukishajua hayo, nusu ya matukio yatajileta yenyewe.

Mimi nilichagua ghorofa la Mji wa Kale na dada wawili. Mkubwa ameposwa na arusi iko karibu. Mdogo ana miaka 17 na anampenda kimyakimya kijana aliyekuwa akija nyumbani tangu utotoni, mtoto wa ami yao.

Hapa pana jambo ambalo waandishi wetu wachanga wanaliruka, nami nalionea uchungu kwa sababu ni hazina. Mtoto wa ami au wa khalati si maharimu, maana waweza kuolewa naye. Mliogelea pamoja, mligombania maembe mabichi kwa chumvi na pilipili, halafu siku moja anapiga hodi na wewe, kabla hujafikiri, mkono wako unatafuta mtandio. Hakuna aliyekuambia. Mkono umejua wenyewe. Yeye naye badala ya kuingia moja kwa moja hadi jikoni kama alivyozoea, anasimama mlangoni kusubiri aitwe. Andika dakika hiyo polepole. Weka dada mkubwa pale jikoni akikuna nazi, aone ule mkono, asiseme neno, aendelee kukuna. Msomaji wa miaka 15 anayeishi Kibokoni au Kisauni ataisimamisha pumzi yake hapo, kwa kuwa limempata au atalitarajia.

Baada ya hapo unahitaji mahali ambapo wawili hawa wanaweza kusimama karibu bila kosa, na Mombasa ina mahali kama hapo pengi kuliko wanavyodhani wanaoandika kila mara kuhusu ufuo wa bahari. Feri ya Likoni kwangu mimi haina mpinzani. Anayevuka kwa miguu halipi, kwa hivyo hata msichana asiye na shilingi ana sababu ya kuwa pale. Kivuko chenyewe ni karibu nusu kilomita, na kwa dakika chache zile umati unakubana ubavuni mwa mtu ambaye barabarani usingesimama naye. Hakuna wa kukulaumu, kila mtu amebanwa. Kisha mlango wa chuma unashuka, watu wanamwagika kupanda ule mlima, na mazungumzo yamekatika mlipofika patamu. Mwandishi hupewa kikomo cha bure! Mama Ngina, ile bustani ya kando ya bahari, nayo inafaa jioni, mihogo ya kukaanga ikitiwa ndimu na pilipili, lakini kule watu huenda kutazamana, na habari inaweza kufika nyumbani kabla yako. Itumie unapotaka siri ivuje.

Leso usiisahau. Kwa dada wawili haina kifani, kwa kuwa huuzwa doti, vipande viwili vilivyofanana mji (ile sehemu ya katikati), pindo na jina (maneno yaliyoandikwa). Barabara ya Biashara kuna duka la leso la Kaderdina Hajee Essak, wenye chapa ya Mali ya Abdulla, lililoanza mwaka wa 1887, na hadi leo wanawake husimama mbele ya maduka ya barabara ile wakisoma majina kwanza, rangi baadaye. Katika riwaya yangu mama anakata doti moja na kuwapa mabinti zake kila mmoja kipande. Jina lake ni ule msemo wetu wa siku zote, Mdhaniaye ndiye kumbe siye. Mama hakukusudia lolote, ameipenda rangi. Mabinti wote wawili wanalisoma jina na kila mmoja anadhani limemlenga yeye. Sikueleza zaidi ya hapo katika kitabu, na nakushauri usieleze. Msomaji wa pwani amezoea kusemwa kwa leso tangu hajajua kusoma.

Simu nayo ina mitego yake, na vijana wanaijua kuliko sisi. Siri ya leo inaanza kwa kutazama ni nani ameiona status yako na saa ngapi. Kuna kuhifadhi namba ya kijana kwa jina la kike, au kwa jina la fundi. Kuna M-Pesa, ambayo tangu ianze mwaka wa 2007 imefichua mengi, kwa sababu ukituma pesa jina la mpokeaji linarudi kwenye ujumbe. Dada anaazima simu yako amtumie muuza samaki, anapita kwenye ujumbe wa jana, anakuta umemtumia shilingi hamsini mtu ambaye huna sababu ya kumtumia. Hamsini tu. Kiasi kidogo hivyo kinauma kuliko elfu tano, kwa sababu kinaonyesha mazoea.

Sasa nikueleze tukio ambalo wasichana walionisomea mswada walilirudia, kwa sababu ndani yake kuna karibu kila ninachotaka kukushauri.

Ni siku ya hina. Dada mkubwa ameketi kwenye mkeka, mgongo umeegemezwa mito, mikono imepakwa hadi viwikoni na fundi sasa amehamia miguuni. Anayepakwa hina hawezi kitu. Hawezi kujikuna, hawezi kujifunika, analishwa matonge kama mtoto. Hina ikianza kukauka hutiwa maji ya ndimu na sukari ishike vizuri, na kazi hiyo imepewa mdogo wake, amepiga magoti na kipande cha pamba mkononi. Chumba kimejaa shangazi na mashoga na mabinti wa jirani. Asumini na mrehani vimetandazwa kwenye sinia vikisubiri kufungwa vikuba. Simu ya bi arusi iko kwa mdogo, kwa sababu ndiye mwenye mikono.

Ujumbe unaingia. Jina lililoandikwa ni Fundi wa Nguo. Lakini ile picha ndogo pembeni, jahazi lililokunja tanga, mdogo anaijua. Huitazama kila usiku kwenye simu yake mwenyewe. Ni picha ya yule mtoto wa ami. Na maneno yanasema: Nimesikia ni Ijumaa. Mungu akupe kheri, mimi nimesamehe.

Shangazi anasema, "Nani huyo? Msomee dadako."

Chumba kinanyamaza kama kinavyonyamaza chumba cha wanawake wanaosubiri habari. Mdogo ana kila sababu ya kuumia: aliyempenda kwa siri alikuwa na siri na dada yake, na hakuna kati yao aliyemwambia. Nilikaa na sentensi iliyofuata kwa muda mrefu kuliko sura zote. Mwishowe akasoma kwa sauti ya kawaida kabisa: "Fundi asema nguo i tayari, tukaichukue."

Shangazi wakarudi kwenye maneno yao. Dada mkubwa akamtazama mdogo wake, akajua kwamba amejua. Machozi yakamtoka, na mikono ina hina. Mdogo akamfuta kwa ncha ya leso, akaendelea kutia ndimu na sukari, kidole baada ya kidole.

Angalia walichonyimwa hawa wawili. Hawawezi kutoka nje, hawawezi kupigana, hawawezi kukumbatiana, hawawezi hata kusema. Nimesoma miswada mizuri ikiharibikia hapa, dada wakianza kuhutubiana ukurasa mzima juu ya thamani ya undugu. Wape kazi ya mikono, wajaze chumba watu wengine, kisha umpe mmoja nafasi ya kumuumbua mwenziwe na achague kumsitiri. Kusitiriana ndiko undugu wenyewe, na hapa kwetu msichana hulijua hilo kabla hajavunja ungo. Ugomvi uje baadaye, usiku, wageni wameondoka. Uwe mkali na wa haki, maana mdogo amekosewa kweli. Nami siamini dada anayesamehe kabla hajakasirika.

Kuhusu lugha nitasema machache. Masimulizi yangu ni Kiswahili sanifu, kile kilichojengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa mwaka wa 1928. Wahusika wangu lakini nimewaacha waseme kama wasemavyo kwao: bibi Kimvita kizito, lahaja ya Mombasa, "ndoo hapa" (njoo hapa) na "yuwaja" (anakuja), dada mkubwa katikati, mdogo anachanganya na maneno ya matatu za Kisauni. Mhariri akikutaka umsawazishe bibi, kataa kwa heshima, lakini kataa. Wasichana wetu wanahitaji kuona nyanya zao kwenye kurasa jinsi walivyo.

Na umri. Kama mhusika wako ana miaka 17, usimalizie kwa arusi yake. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 imeweka miaka 18, na hata bila sheria, msomaji wa umri huo anastahili kuonyeshwa kwamba kupenda kuna siku zake na masomo yana siku zake. Mwache apende. Mwache ateseke kwa ujumbe uliosomwa bila kujibiwa, alie kwa sababu ya tiki mbili za buluu, amwone kijana uwanja wa Makadara siku ya Idi na asahau alichotaka kusema. Hayo ni mambo makubwa kwake, nawe uyape ukubwa wake. Mtu mzima anayeandika kwa kuyadharau mapenzi ya kwanza atagunduliwa ukurasa wa pili, na hatasomwa tena.

Je, kijana aambiwe mwishoni? Wengi wananiuliza hili. Mimi naona aambiwe, mradi dada awe amejua kwanza na msomaji amewaona dada hao wakipatana. Ukigeuza mpangilio huo, kijana anageuka kuwa zawadi na dada anageuka kuwa kizuizi, nawe umebomoa ulichojenga tangu ule mkono ulipotafuta mtandio.

Mswada ukiisha, usianze na mchapishaji. Chapa sura tatu, zitie gundi, uwape wasichana wa miaka 15 au 16 walio dada wa tumbo moja, nakala moja kwa wawili ili wapokonyane. Usiwaulize kama kimewapendeza, watakwambia ndiyo kwa adabu. Waulize dada yupi ana makosa. Wangu walikaa kibarazani pangu jioni nzima, mkubwa akimtetea mkubwa na mdogo akimtetea mdogo, hadi mama yao akatuma mtoto awaite. Sura ya nne waliifuata wenyewe kesho yake, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja akiniomba nisimwambie mwenziwe.