Usumbufu peke yake si vitisho
Umeuliza kama waandamanaji wanaofunga barabara hawajaingia tayari kwenye vurugu. Naona bado. Ibara ya 21 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 inalinda mikusanyiko ya amani, na Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilifafanua mwaka 2020 kwamba kusukumana tu, au kukwamisha magari na shughuli za kila siku, hakuhesabiwi kuwa vurugu. Vurugu ni nguvu inayoelekea kujeruhi, kuua au kuharibu mali vibaya. Vitisho ni vigumu zaidi kuvipima. Bango linalomwita mbunge msaliti, hata likiudhi kiasi gani, bado linabishana naye. Lakini watu kumi wakisimama usiku mlangoni kwake na marungu, wakitaja majina ya watoto wake na shule wanayosoma, hapo hawabishani naye tena, wanamtishia, hata kama halijarushwa jiwe hata moja. Na mmoja akilirusha katikati ya maelfu waliotulia, akamatwe yeye. Wenzake hawajapoteza haki yao.